Siku moja bila petroli: je, bei itashuka?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Columbus, Ohio, na kazi yangu ni kupeleka vifurushi kwa gari langu mwenyewe. Katika kundi letu la WhatsApp unazunguka ujumbe unaotutaka tusinunue petroli kabisa tarehe 15, Marekani nzima, ili kampuni za mafuta zipate hasara ya mabilioni na zilazimike kushusha bei. Ujumbe unadai kwamba jambo hili liliwahi kufanyika na bei ikashuka kesho yake tu. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam ameupenda na anataka kuusambaza huko pia. Je, kuna ukweli wowote? Na kama hakuna, sisi wanunuzi tuna namna gani ya kuishusha bei?

Jibu: Marahaba. Kwa swali lako la kwanza jibu ni hapana. Kususia petroli kwa siku moja hakushushi bei, hata kama walioitikia wito watakuwa wengi, na sababu yake si uoga wa wanunuzi wala ujanja wa kampuni, bali ni tabia ya bidhaa yenyewe. Swali la pili linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa wapo wanunuzi waliowahi kususia vitu vingine wakashinda, na tukitazama walisusia nini na kwa namna gani, tutaona ni wapi hasa petroli inawaponyoka.

Ujumbe uliotumiwa ni mkongwe kuliko WhatsApp yenyewe. Ulianza kuzunguka kwa barua pepe mwaka 1999, ukiwataka Wamarekani wasinunue petroli tarehe 30 Aprili mwaka huo. Hasira iliyouzaa inaeleweka. Mwishoni mwa 1998 pipa la mafuta ghafi lilikuwa limeporomoka hadi kukaribia dola 10, na Februari 1999 galoni moja ya petroli ilikuwa ikiuzwa Marekani kwa chini ya dola 1. Kisha mwezi Machi nchi za OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, zikakubaliana kupunguza uzalishaji kwa takriban mapipa milioni 1.7 kwa siku, na katika majuma machache bei ya pampuni ikapanda kwa kasi ambayo kila mwenye gari aliihisi mfukoni. Watu wakaandikiana, siku ikafika, ikapita, na bei ikaendelea na safari yake. Kufikia katikati ya mwaka 2000 galoni ilikuwa imevuka dola 1.50. Wito ukarudi mwaka huohuo wa 2000, safari hii ukiwa wa siku tatu, ukarudi tena 2004, na mwaka 2007 ukaja kwa kishindo ukiitaja tarehe 15 Mei. Tangu hapo umekuwa mgeni wa msimu: bei ikipanda, naye anabisha hodi.

Ona, hata hivyo, tofauti iliyopo kati ya pande mbili za kisa hiki. OPEC ilipotaka kuipandisha bei haikutangaza siku moja ya kutochimba. Ilipunguza mapipa, ikapunguza kila siku, kwa miezi. Wanunuzi walipotaka kuishusha, walichagua tarehe.

Ujumbe wa 2007 ndio ninaoufahamu vizuri, na nadhani wako ni mjukuu wake, kwa sababu nao ulikuwa na madai mawili yaleyale. La kwanza lilikuwa kwamba Aprili 1997 wanunuzi waligoma na bei ikaanguka kwa senti 30 kwa usiku mmoja. Galoni wakati huo ilikuwa ikiuzwa kwa wastani wa kama dola 1.20, kwa hiyo senti 30 ni robo nzima ya bei. Anguko la namna hiyo lingeonekana kama shimo katika takwimu za bei ambazo serikali ya Marekani hukusanya kila wiki, na shimo hilo halipo. Dai la pili lilikuwa kwamba watu milioni 73 wa mtandao mmoja wa kijamii wasipokwenda kituoni siku hiyo, kampuni za mafuta zitapoteza zaidi ya dola bilioni 2. Chukua kalamu tulikague. Marekani ya 2007 ilitumia takriban mapipa milioni 9.3 ya petroli kwa siku. Pipa moja lina galoni 42, kwa hiyo tunazungumzia kama galoni milioni 390. Na wastani wa bei wiki ile ulikuwa dola 3.10 kwa galoni. Ukizidisha unapata dola bilioni 1.2 hivi. Kwa maneno mengine, ujumbe uliahidi kwamba kwa siku moja kampuni zitapoteza karibu mara mbili ya thamani ya petroli yote inayotumika nchi nzima kwa siku hiyo! Aliyeuandika alichukua idadi ya watu akaizidisha kwa gharama ya kujaza tenki, kana kwamba kila mtu hujaza tenki kila siku. Wiki iliyofuata wastani wa bei ulipanda kutoka dola 3.10 hadi kama dola 3.22. Siulaumu wito kwa nyongeza hiyo. Nasema tu kwamba bei haikuwa na habari nao.

Kosa hilo la hesabu ndilo linalotufikisha kwenye kiini cha jambo, kwa sababu wewe pia hujazi tenki kila siku. Tuseme gari lako hutumia galoni 14 kwa wiki na huwa unajaza Jumatano. Tarehe 15 ikiangukia Jumatano, utajaza Jumanne jioni au Alhamisi asubuhi, vifurushi vitafikishwa kama kawaida, na ikifika Jumapili utakuwa umeunguza galoni zilezile 14. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha ya ujumbe ule. Aliyesusia chakula hali. Lakini aliyesema atakula baada ya saa moja hajasusia chochote, amechelewa tu mezani. Wito wa siku moja hauwaombi watu waendeshe kidogo, wala haumwambii mtu aache gari nyumbani. Unawaomba wabadilishe siku ya kununua, na bei husikiliza galoni, haisikilizi kalenda.

Hata tukiwa wakarimu kupita kiasi, hesabu bado inagoma. Siku hizi Marekani hutumia karibu mapipa milioni 9 ya petroli kwa siku. Tuchukulie kwamba dereva mmoja kati ya kila 10 alisusia kwa dhati, hakujaza kabla wala baada, na siku hiyo hakuendesha kabisa. Zingebaki ghalani mapipa laki tisa ambayo vinginevyo yangetumika. Akiba ya petroli iliyomo katika maghala na mabomba ya Marekani kwa kawaida huwa zaidi ya mapipa milioni 200, na hupanda na kushuka kwa mapipa milioni kadhaa kutoka wiki moja hadi nyingine kwa sababu za kila namna: kiwanda cha kusafisha mafuta kimesimama kwa matengenezo, meli imechelewa kwa ukungu, wikiendi imekuwa ndefu. Mfanyabiashara anayesoma takwimu za akiba zinazotolewa kila Jumatano asingeweza kuuona mgomo wenu humo, hata kama angeambiwa autafute.

Naomba nikupeleke kituoni kidogo. Zamani nilifanya kazi ya uhasibu katika kituo kimoja cha mafuta kandokando ya Barabara ya Morogoro. Kila alfajiri, kabla ya zamu kupokezana, msimamizi alifungua kifuniko cha tenki la ardhini, akateremsha fimbo ndefu ya kupimia, akaivuta juu na kusoma mahali unyevunyevu ulipokomea, nami nikaandika sentimita hizo daftarini na kuzilinganisha na namba za mita za pampu. Zilikuwepo siku ambazo fimbo ilionyesha karibu kiasi kilekile cha jana: siku ya mvua kubwa ya masika, siku za katikati ya mwezi mifuko ikiwa mikavu, sikukuu ambayo mji umehamia mikoani. Sikuwahi kumsikia akisema tushushe bei kwa sababu jana hatukuuza. Alichosema, huku akijifuta mikono kwa kitambaa, ni kwamba boza la kesho lisogezwe hadi keshokutwa. Siku moja ya ukame kwa mwenye kituo ni boza kuchelewa, na petroli iliyomo ardhini haiozi kwa kumngoja mteja wa siku inayofuata.

Mwenye kituo cha huko Columbus yuko katika hali hiyohiyo, na pengine mbaya zaidi. Kampuni kubwa za mafuta, ambazo nembo zake zimetundikwa juu ya paa, zinamiliki sehemu ndogo sana ya vituo vya Marekani. Zaidi ya nusu ya maduka yenye pampu ni ya watu wenye duka moja tu, na wengi wao ni wahamiaji kama wewe. Akishalipa gharama zake, ikiwemo makato ya kadi za benki, mtu huyu hubakiwa na senti chache kwa galoni, na riziki yake ya kweli imo ndani ya duka, kwenye kahawa, soda na sandwichi. Mgomo wa siku moja humrudishia petroli yake kesho yake, lakini haumrudishii kahawa, maana kikombe ambacho hukukinunua Jumatano hutakinunua mara mbili Alhamisi. Kama kuna mtu anayeumia tarehe 15, basi ni huyo, na hana uwezo wowote juu ya bei mnayoilalamikia, ambayo karibu nusu yake, na mara nyingi zaidi ya nusu, ni gharama ya mafuta ghafi yanayouzwa katika soko la dunia.

Upo ujumbe wa pili ambao huenda haujakufikia bado, unaokiri udhaifu wa ule wa kwanza na kupendekeza kwamba badala ya kususia wote kwa siku moja, msusie kampuni moja au mbili kubwa, kwa kawaida Exxon na Mobil, mpaka zishushe bei na kuwavuta wenzao chini. Wazo hili lina akili zaidi, na lingefaa sana kama petroli ingekuwa soda. Lakini petroli ya daraja moja ni ileile. Bomba la Colonial, linalotoka eneo la Houston hadi karibu na New York na kusafirisha kama mapipa milioni 2.5 ya mafuta kwa siku, hubeba petroli za wenye mali tofauti zikiwa zimefuatana ndani ya bomba moja, na anayeingiza galoni zake kusini mara nyingi huchukua kaskazini galoni za mwingine za daraja lilelile. Tofauti ya kampuni hutiwa ghalani, wakati lori la kupeleka mafuta vituoni linapojazwa, kwa kiasi kidogo cha kemikali za kusafisha injini. Kwa hiyo mkikimbia vituo vya kampuni moja na kufurika vya kampuni nyingine, hiyo nyingine itaishiwa, itatafuta petroli ya kununua, na mwenye petroli ya ziada atakuwa ni yuleyule mliyemkimbia. Watu wa pwani husema ukisusa, wenzio wala. Hapa hata aliyesusiwa naye anakula.

Sasa nije kwa waliofanikiwa. Tarehe 20 Aprili 2018 Wamorocco walianza kususia bidhaa tatu kwa mpigo: maji ya chupa ya Sidi Ali, maziwa ya Centrale Danone, na vituo vya mafuta vya Afriquia, vinavyomilikiwa na tajiri Aziz Akhannouch, aliyekuwa waziri wa kilimo wakati huo na ambaye mwaka 2021 alikuja kuwa waziri mkuu. Hawakutaja siku ya mwisho. Wiki zikawa miezi. Upande wa maziwa, kampuni ilipata hasara kubwa, ikapunguza maziwa inayochukua kwa wafugaji, mkuu wa kampuni mama ya Danone akasafiri kutoka Ufaransa kwenda kuzungumza na watu, na mwezi Septemba bei ya maziwa ikashushwa. Upande wa mafuta hapakuwa na ushindi wa namna hiyo. Nchi ni ileile, wananchi ni walewale na hasira ni ileile. Kilichotofautiana ni kwamba maziwa yasiyonunuliwa leo huchacha, na ng'ombe atakamuliwa tena kesho alfajiri, mteja apende asipende, wakati petroli isiyonunuliwa leo hukaa kimya tenkini ikimngoja mwenyewe arudi.

Ukishalishika jambo hilo, migomo mingi ya zamani inakuwa rahisi kuielewa. Januari 1957 wakazi wa Alexandra, pembezoni mwa Johannesburg, waliambiwa kwamba nauli ya basi imepanda kutoka peni nne hadi peni tano. Wakaacha kupanda mabasi. Walitembea kilomita zipatazo 15 kwenda kazini na 15 kurudi, kwa karibu miezi mitatu, na kauli yao ilikuwa neno moja, azikhwelwa, ambalo Mswahili anaweza kulifungua bila kamusi akijua tu kwamba khwela ni kupanda: hazipandwi. Mwishowe ulipatikana mpango ambao abiria waliendelea kulipa nauli ya zamani na tofauti ikabebwa na waajiri, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuwatoza waajiri kwa ajili hiyo. Kiti cha basi ni kama maziwa, tena ni kibaya zaidi. Basi la saa 12 asubuhi likishaondoka tupu, viti vile vya safari ile vimepotea moja kwa moja, na hakuna ghala la kuvihifadhia. Watu wa Alexandra walikuwa pia na kitu ambacho wewe na vifurushi vyako hamna, yaani miguu iliyoweza kulibadili basi, japo kwa mateso, na walikuwa tayari kulipa gharama hiyo kila siku, si kwa siku moja.

Hivyo usidhani nasema kwamba petroli haijali wanunuzi. Inajali, tena sana, wakiacha kuitumia. Aprili 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, matumizi ya petroli Marekani yaliporomoka hadi kama mapipa milioni 5 kwa siku, karibu nusu ya kawaida, na dunia nzima ilikuwa katika hali ya kufanana na hiyo. Galoni iliyokuwa ikiuzwa kwa wastani wa dola 2.55 hivi mwezi Januari ikashuka hadi kama dola 1.77 mwishoni mwa Aprili. Tarehe 20 ya mwezi huo likatokea jambo ambalo sisi wa fani hii bado tunalisimulia: mikataba ya mafuta ghafi ya Marekani ya kupokewa mwezi Mei ilifunga siku ikiwa dola 37.63 chini ya sifuri, yaani mwenye mafuta alikuwa tayari kumlipa mtu ayachukue. Sababu ilikuwa kwamba maghala ya Cushing, Oklahoma, ambako mafuta hayo hukabidhiwa, yalikuwa yanakaribia kujaa. Kwa siku chache mafuta yalikuwa yamegeuka maziwa, hayana pa kusubiri. Lakini angalia kilichohitajika ili tufike hapo: majuma mfululizo, mabara yote, na magari yaliyoegeshwa kwelikweli. Hakuna kundi la WhatsApp linaloweza kuitisha hayo, wala hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeyatamani yarudi.

Ipo njia nyingine ambayo wanaokereka na bei wameipita, nayo haielekei kwenye pampu kabisa bali serikalini, mahali ambapo sehemu fulani ya bei hutengenezwa kwa kalamu na inaweza kufutwa kwa kalamu. Uingereza inatupa mfano mzuri kwa sababu mwaka mmoja uliona mambo yote mawili. Tarehe 1 Agosti 2000 madereva waliitwa kususia vituo kwa siku moja, na halikutokea la maana. Mwezi uliofuata wakulima na wenye malori walizuia malango ya viwanda na maghala ya mafuta, vituo vikakauka katika siku chache, na Novemba waziri wa fedha Gordon Brown akatangaza nafuu ya ushuru wa mafuta. Nchini Kenya, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 ilipoanza kutozwa kwenye mafuta Septemba 2018, wasambazaji waliacha kwenda kuchukua mafuta maghalani, vituo vya Nairobi vikaishiwa, na kabla ya mwezi kwisha rais Uhuru Kenyatta alikuwa amependekeza na bunge limepitisha kodi hiyo ipunguzwe hadi asilimia 8. Ushindi huo nao ulikuwa na umri wake, kwani Julai 2023 kodi ilirudishwa kuwa asilimia 16. Bado, katika visa vyote viwili aliyebanwa alikuwa na uwezo wa kubadilisha namba, na waliombana hawakuwa wanunuzi waliosogeza siku ya kununua, bali ni watu walioshika mlango ambao mafuta hupitia. Sikushauri uzuie lango la mtu; nataka tu uone kwamba nguvu haikutoka kwa mteja aliyesubiri hadi kesho yake.

Kwako wewe Columbus, kuna kususia kwa aina nyingine ambako hakuhitaji ujumbe wa kusambaza na kuna faida ya kweli. Wachumi wamechunguza kwa muda mrefu jambo ambalo kila dereva analijua, kwamba mafuta ghafi yakipanda bei ya pampuni hupanda kwa mbio, na yakishuka hushuka kwa kujikokota. Anayeifanya ijikokote ni mteja asiyetazama kibao cha bei. Kila anayepita vituo viwili vya bei kubwa akaingia cha tatu anamlazimisha wa kwanza kushuka mapema, na hilo ndilo shinikizo pekee ambalo mwenye kituo hulisikia siku ileile, kwa kuwa galoni uliyonunua kwa jirani hutarudi kuinunua kwake kesho. Isitoshe, miji ya eneo lenu, Columbus ikiwemo, ina tabia yake: bei huruka ghafla kwa siku moja, kisha hushuka taratibu kwa siku kadhaa vituo vikinyang'anyana wateja, halafu huruka tena. Ichunguze kwa mwezi mmoja na uandike namba kwenye daftari la gari. Ukiizoea utakuwa unajaza mwishoni mwa mteremko na kuziacha siku za mruko, na kwa mtu wa kazi yako hiyo ni pesa ya kuonekana. Tabia hiyohiyo ndiyo inayowadanganya watu kuhusu migomo. Tarehe 15 ikiangukia siku moja baada ya mruko, bei itashuka tarehe 16, 17 na 18, na kundi zima litashangilia kitu ambacho kingetokea hata kama msingegoma.

Kaka yako wa Dar es Salaam mwambie kwamba ujumbe huu kule una maana ndogo zaidi kuliko huko. Tanzania bei ya juu kabisa ambayo kituo kinaruhusiwa kuuza, yaani bei kikomo, hupangwa na EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji, na kuanza kutumika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa kanuni inayojumlisha bei za soko la dunia, gharama za kuleta shehena, thamani ya shilingi dhidi ya dola, kodi na tozo. Ndani ya kanuni hiyo hakuna nafasi ya kuandika kwamba Jumatano iliyopita wateja hawakutokea. Serikali ikitaka, inayo mikono ya kuishika bei, kama ilivyofanya Juni 2022 ilipoanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, na kwa hiyo mtu anayeona tozo fulani imezidi ana mbunge wa kumwandikia. Waliokuwa Dar es Salaam Agosti 2011 wanakumbuka pia kwamba mgomo unaweza kutoka upande wa pili. EWURA ilishusha bei, wauzaji wengi wakafunga pampu, foleni zikajaa barabarani, na leseni ya kampuni moja kubwa ikasimamishwa. Muuzaji akisusia kwa siku tatu, mji unasimama, maana tenki la gari ni dogo. Mnunuzi akisusia kwa siku moja, tenki la muuzaji ni kubwa mno kulihisi.

Kitu kimoja anachoweza kufanya kaka yako ni kukumbuka kwamba bei kikomo ni dari tu, na kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake. Kwa hiyo asome vibao vya bei kabla ya kuingia na adai risiti. Kuhusu ile desturi ya kukimbilia kituoni Jumanne usiku kabla ya bei mpya kuanza saa 6:01, ningempa hesabu hii aipime mwenyewe: kwa tenki la lita 40, tofauti ya shilingi 50 kwa lita ni shilingi 2,000, na wengi wanaopanga foleni saa hiyo hawajui bado kama wanaikimbia nyongeza au wanalikimbia punguzo.